Moringa, manjano na kitunguu saumu kwa kuku wa Lubumbashi: namna ya kulinda ini dhidi ya sumu ya madini

Maswali yanayonifikia kuhusu kuku na sumu ya madini yanafanana. Mama wa Ruashi anauliza, kijana wa Kampemba anauliza, papa mwenye banda barabara ya Kipushi naye anauliza: "Kuku wangu wanaishi karibu na madini. Niwape moringa kiasi gani ili sumu itoke?" Wengine wamesikia habari za manjano, wengine kitunguu saumu, na wengine wameuziwa majani makavu kwenye mfuko bila jina. Mwongozo huu ni jibu langu kwao wote.

Kwanza ujue jambo moja, maana kila hatua hapa chini inalitegemea. Mimea hii inasaidia ini la kuku kuvumilia. Haiwezi kung'oa kipande cha madini ya risasi kilicho ndani ya firigisi, na haisafishi udongo wa uwanja wako. Tena kuku anaweza kunenepa, kung'aa manyoya na kutaga vizuri huku yai lake bado lina risasi. Uzima wa kuku ni kitu kimoja na usafi wa yai ni kingine. Ukivichanganya, atakayelipa ni mtoto anayekula lile yai.

Kwa nini hapa kwetu

Tanuri la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, enzi za Union Minière du Haut-Katanga, na lilifanya kazi miaka mingi likitoa moshi wenye vumbi la madini. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka hasa kusini-mashariki, ndiyo maana udongo ulio upande wa kaskazini-magharibi ya bomba lile ndio ulioumia zaidi. Ongeza vumbi la malori ya mawe ya madini, depo za kununulia madini katikati ya makazi, na mashimo yaliyo jirani na nyumba. Shaba, kobalti, risasi, kadimiamu, zinki na aseniki vyote vimo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima mkojo wa watu wa Katanga na kukuta kobalti kwa wingi mkubwa, hasa kwa waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia. Kuku anayedonoa ardhi ileile mchana kutwa hawezi kubaki salama. Kule Kabwe, Zambia, kwenye mgodi wa zamani wa risasi na zinki, kuku wa kienyeji wanaotembea huru walikutwa na risasi nyingi kwenye ini na figo kuliko kuku wa nyama waliofungiwa.

Kinachotokea ndani ni hiki. Madini mazito yakishaingia kwenye damu yanapita ini na figo. Hapo yanamaliza akiba ya glutathioni, ambayo ni kinga ya seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni kali. Akiba ikiisha, mafuta ya kuta za seli yanaoza na seli zinakufa. Kukumini ya manjano, kwesetini iliyo kwenye vitunguu na majani ya moringa, viini vya salfa vya kitunguu saumu, na silimarini ya mbaruti-maziwa (mmea wa miiba ambao Waingereza huuita milk thistle) vyote vimejaribiwa kwa kuku au bata waliolishwa madini haya kwa makusudi. Ini lao liliumia kidogo kuliko la wenzao wasiopewa. Kumbuka tu kwamba katika majaribio mengi ya namna hiyo kilichotumika ni kiini safi kwa kipimo kinachojulikana. Sisi nyumbani tunatumia jani na mzizi mzima, kwa hiyo tusitegemee makubwa kupita kiasi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

– Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Kukadiria kwa kiganja hakufai hapa.
– Majani ya moringa kutoka mahali mbali na mgodi, barabara ya malori na kiwanda.
– Manjano mazima, yaani mizizi. Usinunue unga.
– Vitunguu saumu, na pilipili manga kidogo.
– Chakula cha kuku unachokiamini, pamoja na premiksi ya vitamini na madini madogo.
– Chanzo cha kalisi: mawe ya chokaa yaliyosagwa au maganda ya konokono na kome.
– Chombo cha maji na cha chakula cha plastiki safi, visivyogusa ardhi.
– Daftari.
– Kuku mmoja wa kuchinja na kuchunguza, ikiwezekana yule aliyedhoofu.

Hatua ya 1: Tafuta sumu inaingilia wapi

Zunguka uwanja wako asubuhi kabla ya kuwafungulia, uangalie pale wanapopenda kudonoa na kuoga vumbi. Tafuta changarawe nyeusi zinazong'aa kama kioo (makapi ya tanuri), vijiwe vya kijani, vipande vya betri za magari, rangi ya zamani inayobanduka ukutani na mabaki ya kuchomelea.

Kisha jiulize kuhusu watu wa nyumbani. Je, kuna anayerudi kutoka machimbo na kukung'uta nguo uwanjani? Je, kuna aliyewahi kuosha au kuanika mawe ya madini hapo, hata miaka iliyopita? Je, jirani anayeyusha betri?

Angalia pia magunia. Hili napenda kulisisitiza kwa sababu watu wengi hawalifikirii: gunia lililobeba madini linauzwa sokoni likiwa limekung'utwa vizuri, halafu mtu anatia ndani yake mahindi ya kuku. Ligeuze nje ndani na upitishe kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye mishono. Kikitoka na vumbi la kijani, jeusi au la kijivu linalometa, lisiingie chakula chochote.

Hatua ya 2: Fungua firigisi na ini

Mchinje yule kuku uliyemchagua. Pasua firigisi, toa vyote vilivyomo na uvioshe kwenye bakuli jeupe mpaka maji yawe safi. Mawe ya kawaida yatabaki meupe, ya kahawia au mekundu, yamelainika kwa kusagana. Sasa tafuta yasiyofanana na mengine. Punje nyeusi yenye kingo kali ni kapi la tanuri. Ya kijani ni jiwe la shaba. Kipande cha kijivu kilicho laini, ambacho ukikisugua kwenye karatasi kinaacha mstari kama wa penseli, kichukulie kuwa ni risasi. Osha mikono kwa sabuni mara moja.

Kipande kama hicho ni hatari kwa sababu ya mahali kilipo. Tumbo la kuku linamwaga asidi, firigisi linasaga, na kipande kinayeyuka kidogo kidogo siku baada ya siku. Hapo ndipo moringa inaposhindwa: unampa kinga kwa kijiko huku sumu inaingia bila kukatika.

Tazama na utando wa ndani wa firigisi. Ukiwa umechanika, umelika au una rangi ya kijani iliyokoza kuliko kawaida, shaba nyingi inaweza kuwa sababu. Kisha liangalie ini: lenye afya ni la kahawia iliyokoza, kingo zake ni nyembamba na halikatiki ovyo. Likiwa limevimba, lina madoa, au linamomonyoka ukilibonyeza, kuna tatizo. Ila usilitangaze kuwa la madini papo hapo, nitaeleza mbele.

Ini hilo na figo zake visiliwe na mtu, wala mbwa. Ukitaka kupima, tia ini kwenye mfuko safi wa plastiki na uligandishe. Ukikuta dalili yoyote kati ya hizi, zichukulie nyama na mayai ya kundi zima kama mambo ya kusubiri mpaka ufike hatua ya 8.

Hatua ya 3: Watenge na ardhi

Hii ndiyo hatua inayofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu inagharimu franka na jasho.

Wafungie kuku. Kama una uwezo, piga sakafu ya saruji. Kama huna, ondoa udongo wa juu, kina cha sentimita 15 hivi, ukaweke wa mahali salama na kuushindilia, halafu tandika maranda au maganda ya mpunga. Nyunyiza maji kabla ya kuchimba na kufagia ili vumbi lisipae, funga kitambaa puani, na watoto wakae mbali. Udongo ulioutoa usiutupe kwa jirani wala mtoni. Chimba shimo mbali na kisima, uufukie.

Neno kuhusu kichuguu. Watu wa Lubumbashi tunapenda udongo wa kichuguu kwa sababu unashika vizuri, na tunawapa vifaranga mchwa wake. Lakini mchwa hupandisha udongo kutoka chini kabisa. Watafutaji wa madini wenyewe huchukua sampuli kwenye vichuguu ili kujua kilichopo chini. Kichuguu kilicho jirani na mgodi kiache, udongo na mchwa wake.

Vivyo hivyo na majani ya kukatia kuku. Porini kwetu kuna sehemu zilizo wazi ambako miti haikui, na vijimimea vifupi vyenye maua ya zambarau ndivyo vinavyotawala. Mojawapo, Haumaniastrum katangense, unajulikana kama ua la shaba kwa sababu unapenda udongo wenye shaba nyingi. Usikate majani hapo. Na lengalenga ya bustani za kando ya mto uliopokea maji ya kiwanda isiingie bandani. Lengalenga huvuta kadimiamu kwa urahisi kutoka ardhini.

Hatua ya 4: Maji

Kuku wa mayai hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, yaani mililita 200 hadi 250 kwa siku, na zaidi wakati wa joto la Oktoba. Basi maji mabaya yanaharibu haraka.

Tumia maji ya bomba au ya kisima kirefu kilichopimwa. Mvua inafaa, lakini mvua za kwanza zinaosha vumbi la miezi yote ya kiangazi kwenye mabati. Ziache zipite, kinga baada ya paa kuoshwa vizuri.

Usichemshe maji ukidhani unaondoa madini. Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini yanabaki yote, na kwa kuwa maji yamepungua, yanakuwa mazito zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri risasi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita, na kadimiamu isizidi 0.003. Kiasi hicho hakionekani, hakinuki na hakina ladha.

Hatua ya 5: Kalisi na premiksi, kabla ya jani lolote

Mwili wa kuku hushindwa kutofautisha risasi na kalisi. Kuku mwenye njaa ya kalisi anafyonza risasi kwa nguvu zaidi, na kuku anayetaga ana njaa hiyo kila siku kwa ajili ya ganda. Zinki na chuma vikipungua, kadimiamu nayo inapata njia. Kwa hiyo kuku aliyeshiba kalisi na zinki ana kinga ambayo huwezi kuipata kwenye mfuko wa unga wa majani.

Chakula cha kuku wa mayai kinahitaji kalisi asilimia 3.5 hadi 4. Ukinunua chakula kamili, tayari imo. Weka mawe ya chokaa yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, kuku atachukua mwenyewe anachohitaji. Usitumie chokaa hai ya kupaka ukuta, inaunguza koo. Na vifaranga usiwape chakula cha kuku wa mayai. Kalisi nyingi inaharibu figo zao.

Angalizo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: usiwarudishie maganda ya mayai yao wenyewe. Risasi ya kuku inaenda kwenye kiini na kwenye ganda, hivyo ukisaga ganda na kulirudisha bandani unawalisha risasi ileile upya. Unga wa mifupa ya ng'ombe waliochungwa karibu na migodi una shida hiyohiyo, kwa kuwa risasi hukaa mfupani.

Premiksi fuata kipimo cha mfuko. Usiongeze seleniamu ya peke yake. Ni dawa kwa kiasi kidogo sana, ikizidi inakuwa sumu yenyewe.

Hatua ya 6: Tayarisha mimea

Moringa. Chuma majani asubuhi, yaoshe mara mbili kwa maji safi ili vumbi litoke, yakung'ute na uyaanike kivulini juu ya neti au kitambaa safi. Jua kali linaua sehemu ya vitamini. Yatakuwa tayari pale yanapovunjika kwa kelele ukiyafinya na bado ni ya kijani. Yakiwa ya kahawia, yameoza kabla ya kukauka, tupa. Twanga, chekecha, hifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mahali penye giza. Usianike kando ya barabara ya malori, utakuwa umeosha bure.

Manjano. Nunua mizizi, ioshe kwa brashi, ichemshe mpaka ilainike, ikate vipande vyembamba, uianike na kuitwanga. Nakataza unga wa sokoni kwa sababu inayouma: nchini Bangladesh iligundulika kwamba manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili yang'ae, na serikali ikalazimika kuwasaka wafanyabiashara mwaka 2019. Unga unaopita mikono mingi huwezi kuujua. Ukimpa kuku dawa ya ini iliyopakwa risasi, umeharibu kuliko ulivyotengeneza. Hata mizizi mikavu yenye njano ya kuwaka isiyo ya kawaida iache. Mibichi yenye udongo juu ndiyo bora.

Kitunguu saumu. Menya, ponda, acha kitulie dakika 10 kabla ya kukichanganya. Kile kiini chenye harufu kali, alisini, hakimo kwenye punje nzima. Kinatengenezwa baada ya kuponda. Ponda cha siku hiyohiyo.

Pilipili manga. Kidogo tu, inasaidia kukumini kufyonzwa. Bila hiyo sehemu kubwa ya kukumini inapita na kinyesi.

Mbaruti-maziwa hauoti kwetu kwa kawaida. Silimarini yake inapatikana kwenye maduka ya dawa kama vidonge vya binadamu. Kwa kuku wachache wa thamani zungumza na daktari wa mifugo. Kwa kundi la biashara gharama haifai.

Usiweke majani mengine kwa kubahatisha. Majani ya parachichi yana sumu inayoua ndege, na miti ya parachichi imejaa kwenye viwanja vyetu. Vitunguu maji vingi navyo vinapasua chembe nyekundu za damu.

Hatua ya 7: Changanya

Kipimo hiki ni cha kilo 10 za chakula, kinachowatosha kuku 20 wa mayai kwa siku 4 hivi, maana kila mmoja anakula karibu gramu 120 kwa siku:

– unga wa moringa gramu 300
– unga wa manjano gramu 50
– pilipili manga iliyosagwa gramu 5

Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa kitie kila asubuhi kwenye chakula cha siku hiyo, gramu 15 kwa kila kilo. Kuku 20 wanakula kilo 2.4, kwa hiyo gramu 36.

Changanya unga wa mimea kwanza na kilo moja ya chakula mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze zilizobaki. Ukimwaga gramu 50 moja kwa moja kwenye kilo 10, kuku mmoja atakula manjano ya wenzake watano.

Usianze na kipimo kamili. Wiki ya kwanza toa robo, ya pili nusu, ya tatu kamili. Endelea wiki 6 hadi 8 kisha upime hali. Moringa isizidi asilimia 5 ya chakula, yaani gramu 500 kwa kilo 10; zaidi ya hapo nyuzi zake na uchungu wake hupunguza hamu ya kula na ukuaji. Vifaranga walio chini ya wiki tatu wasipewe mchanganyiko huu kabisa. Wao walinde kwa sakafu safi, maji safi na chakula kizuri.

Siku ya chanjo ya maji, kama ya Newcastle (kideri), kitunguu saumu na kitu kingine chochote kisiingie kwenye maji.

Hatua ya 8: Mayai, nyama na ini vinaenda wapi

Ukikuta risasi au makapi kwenye firigisi, au kama banda liko kwenye eneo la vumbi la madini, mayai ya kuku hao wasile watoto wadogo wala mama wajawazito mpaka upime. Ubongo wa mtoto unaumizwa na risasi hata kidogo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Ini, figo na mifupa ya supu vifukiwe.

Usidhani wiki 8 za manjano zimemaliza kazi. Risasi ya damu inapungua wiki chache baada ya chanzo kukatwa, lakini ile ya mfupa inabaki. Kuku anayetaga huchota kalisi ya mfupa kutengeneza ganda, na risasi inatoka nayo. Kadimiamu kwenye figo ni mkaidi zaidi. Ndiyo maana kwa mtu aliyekuta uchafuzi mkubwa nashauri waziwazi: kuku wa zamani wasiwe wa mayai ya kuuza tena. Anza na vifaranga wapya kwenye banda lililosafishwa, na mimea uwape hao kama kinga.

Kupima: ulizia Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na maabara ya OCC (ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua bidhaa), kama wanapokea sampuli na kwa bei gani. Peleka viini vya mayai 6, ini lililogandishwa, nusu kilo ya chakula, na udongo wa juu wa sentimita 5 uliochanganywa kutoka sehemu tano za uwanja. Tumia kijiko na mifuko ya plastiki mipya, siyo sepetu ya bati. Kwa kulinganisha, Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, inaweka kikomo cha risasi kwenye nyama ya kuku kuwa miligramu 0.1 kwa kilo, na Umoja wa Ulaya unaweka kadimiamu kwenye ini la kuku kuwa miligramu 0.5 kwa kilo.

Andika kwenye daftari kila wiki: idadi ya mayai, yaliyovunjika, chakula kilicholiwa, waliokufa, na uzito wa kuku watano walewale uliowafunga alama mguuni.

Mambo yanayoharibu kazi

Kutumia moringa ya karibu na mgodi. Mti unavuta kutoka ardhini na jani linashika vumbi, basi unamletea kuku sumu kwa jina la dawa.

Kuwafungulia "kidogo tu jioni". Kipande kimoja cha betri kinamezwa kwa sekunde moja.

Kuongeza kipimo kwa sababu matokeo yamechelewa. Ini linahitaji muda. Manjano mengi yanamfanya kuku akatae chakula.

Kuuza kuku wagonjwa haraka kabla hawajafa. Sumu unaihamishia kwenye sufuria ya familia nyingine, nayo haiishi kwa kupikwa.

Samadi ya banda la zamani kwenye bustani ya sombe na matembele. Madini hayo yanarudi mezani pamoja na bukari.

Matatizo na majibu yake

Kuku wamekataa chakula. Punguza manjano na pilipili kwa nusu kwa siku tatu, halafu panda tena polepole. Kama wamekataa hata chakula kisicho na mimea, huo ni ugonjwa, mwite daktari wa mifugo.

Mayai yananuka kitunguu saumu. Shusha hadi gramu 8 kwa kilo. Harufu inaondoka yenyewe siku chache zijazo.

Kiini kimekuwa cha njano iliyoiva. Ni rangi ya majani ya moringa. Wateja wanaipenda, lakini haisemi lolote kuhusu risasi.

Kinyesi cha kijani, mabawa yanaanguka, kuku anayumba. Inaweza kuwa risasi. Inaweza pia kuwa Newcastle, na huo unafagia banda zima. Ikiwa wengi wameugua kwa siku mbili tatu, wanakohoa au kupinda shingo, fikiria Newcastle kwanza. Sumu ya risasi mara nyingi inamwangusha mmoja, kisha mwingine baada ya siku nyingi, na wanakonda kabla ya kufa.

Ini ni la njano. Kuku anayetaga kwa nguvu huwa na ini lililopauka kidogo kuliko jogoo, na hilo ni la kawaida. Kuku mnene aliyeshiba mahindi anapata ini la mafuta. Mahindi yenye ukungu yanaleta aflatoxini, ambayo hushambulia ini kama madini yanavyofanya, hasa mahindi yaliyovunwa na unyevu. Nusa gunia, angalia punje zenye vumbi la kijani au jeusi kwenye kiini. Ukiwa na mahindi ya namna hiyo, yatupe kabla ya kufikiria madini.

Maganda ni membamba. Anza na kalisi, halafu joto la banda, halafu umri wa kuku. Kadimiamu inaweza kuchangia, ila iwe ya mwisho kwenye orodha yako.

Makala (makaa) ya mti je? Makala yaliyosagwa yanashika baadhi ya sumu tumboni, lakini kwa madini mazito hayana nguvu ya kutegemewa, na yakitolewa kila siku yanashika vitamini na dawa pia. Kwa kazi hii yaache.

Kuna dawa ya sindano inayotoa risasi? Ipo, inaitwa EDTA ya kalisi. Inafunga risasi na kuitoa kwa njia ya figo, na ikitumiwa vibaya inaziua figo hizo. Ni kazi ya daktari wa mifugo peke yake, tena baada ya chanzo kuondolewa.

Nimefuata yote kwa wiki 8 na bado wanadhoofika. Chinja mwingine, fungua firigisi upya. Ukikuta makapi mapya, bado kuna mlango ulioachwa wazi: pitia magunia, chombo cha chakula, maranda na nguo za kazini. Ukikuta firigisi safi, peleka kuku mzima aliyekufa leo kwa daktari wa mifugo, amefungwa kwenye mfuko wenye barafu, pamoja na daftari lako.

Mbegu za moringa nizipande wapi? Kwa ndugu aliye mbali na migodi na barabara za malori. Unakata mti ukifika kifua, unachipuka, na unachuma tena baada ya wiki kadhaa wakati wa mvua. Ukishindwa kupata sehemu hiyo, panda kwenye magunia mapya yenye udongo uliouleta kutoka mbali, uyaweke juu ya matofali na umwagilie maji yaleyale safi unayowapa kuku.